Springi ya Kushoto

Gari la muuguzi lilikuwa likigonga mbele kila lilipoingia shimoni. Mwanzoni mlio ulikuwa mdogo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Baadaye ukawa ngo, ngo, ngo, mpaka majirani wakawa wanajua amefika kona gani kabla hawajamwona. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, kuwasafisha vidonda na kuwachoma sindano majumbani mwao, na barabara za kwenda kwa wagonjwa hazichagui lami. Asubuhi usukani ulimvuta kushoto, jioni mgongo ulimuuma. Yeye hakulalamika. Aliyelalamika ni mama yake.

Mama yake aliitwa Bi Pindo. Wateja ndio waliompa jina hilo zamani alipokuwa mshonaji, maana hakuna aliyekunja pindo la gauni likakaa kama lake. Macho yalipoanza kukataa uzi, na magoti yakaanza kukataa ngazi za nyumba aliyopanga, binti yake alikwenda kumchukua wakaishi pamoja. Na kwa binti, kama ujuavyo, kuna mkwe.

Mkwe alikuwa seremala, mtu mrefu, mpole, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Bi Pindo hakuwahi kumkataa kwa mdomo. Alimkataa kwa namna alivyomwita. Wakwe wengine huitwa baba, au mwanangu. Huyu aliitwa Seremala, basi. "Seremala, nipitishie chumvi." "Seremala, mlango uliotengeneza unalia." Naye alijibu, "Naam, mama," akapitisha chumvi, akaupaka mlango mafuta, siku zikaenda.

Jioni moja wakiwa mezani, Bi Pindo alisikia gari likiingia uani, akaweka kijiko chini.

"Gari la mwanangu linagonga kama mlango wa choo," alisema. "Na humu ndani eti kuna mwanamume."

"Mama!" binti yake alisema akiwa bado mlangoni, mkoba begani.

Seremala alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemeza mwiba. Lakini usiku alipolala aligeuka huku na huku, na mkewe alipomuuliza ana nini, alisema Jumamosi atabadilisha shokapu za mbele mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

"Si umngoje fundi?"

"Fundi amekwenda msibani kwao, hajulikani atarudi lini. Na ni nati na bolti tu, mke wangu. Mimi si mgeni wa spana."

"Na springi?"

"Nimeazima vibano kwa jirani."

Asubuhi ya Jumamosi muuguzi alipitiwa na mwenzake wakaenda kazini kwa gari la mwenzake. Seremala aliliingiza gari kwenye kivuli cha ukuta, akatoa boksi lenye shokapu mpya, mipira yake na vifuniko vyake vya juu, akavipanga barazani juu ya gunia. Bi Pindo alikuwa dirishani jikoni, akichambua mboga na kutazama. Alipoviona vile vibano, vyenye kutu na mafuta meusi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Seremala alijifanya hakusikia.

Ukitaka kujua kwa nini mambo yalikuja kuwa vile, lazima uielewe springi ya gari. Shokapu ni bomba refu lenye fimbo ya chuma inayopanda na kushuka, na springi imelizunguka. Juu kuna kifuniko kizito cha chuma na mpira, kimeshikwa na nati moja kwenye ncha ya ile fimbo. Hiyo nati ndiyo inayoizuia springi isifumuke. Ukitaka kuifungua, lazima kwanza uibane springi kwa vibano viwili, kimoja upande huu, kimoja upande wa pili. Kila kibano ni bolti ndefu yenye ndoano mbili zinazoshika pete za springi. Ukizungusha bolti, ndoano zinakaribiana, na springi inajikunyata. Inajikunyata, lakini hailali. Inabeba uzito wa gari kila siku, na ukiibana nguvu yote ile inakaa mle ndani kimya ikingoja mahali pa kutokea.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Aliinua gari kwa jeki, akaweka magogo manene ya mbao ngumu chini yake, akang'oa tairi, akafungua bolti, akaitoa shokapu na springi yake kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni. Akaibana, akafungua nati, akatia shokapu mpya, akarudisha. Kabla jua halijafika juu ya ukuta tayari alikuwa akipiga mluzi. Hata Bi Pindo aliacha dirisha akaenda kutazama sufuria yake.

Upande wa kushoto ndio uliokuwa ukigonga. Alipoitoa shokapu ile alicheka peke yake: ilikuwa imekufa kabisa. Ukiinua fimbo yake kwa kidole inazama yenyewe, polepole, kama mshumaa kwenye mchanga laini. Alikaa kwenye kigoda barazani, akaisimamisha kati ya magoti, akafunga vibano, akazungusha hiki kidogo na kile kidogo, mpaka springi ikalegea kwenye kifuniko. Akafungua nati. Nati ikamponyoka kwa sababu ya mafuta, ikadunda sakafuni, ikabingirika mpaka uvunguni mwa gari.

"Nenda tu, nitakufuata," aliiambia.

Akakiinua kifuniko, akakiweka chini. Alipoinyoshea springi mikono ili aitoe, alisikia mlio mdogo. Kwiii. Kama panya.

Aliganda.

Kibano cha mkono wa kulia kilikuwa kinasogea. Ndoano yake ya juu ilikuwa ikiteleza juu ya pete ya springi, taratibu, ikielekea upande wa kibano cha pili, na springi nzima ilikuwa inapinda tumbo kama upinde. Akatazama bolti. Meno yake yalikuwa yamelika, yanang'aa kama sarafu ya zamani. Bila kufikiri aliikamata ile ndoano kwa kiganja akaisukuma irudi, na kwa mkono wa pili akakishika kibano kingine. Ndoano ikasimama. Haikurudi, ila ilisimama.

Akajaribu kulegeza mkono kidogo. Kwiii.

Akakaza tena.

Jasho lilimtoka kwa wingi mpaka likaingia machoni. Ncha ya springi ilielekea juu, imeinama kidogo, na mbele yake, hatua chache tu, palikuwa na mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Alitaka kuigeuza. Hakuthubutu. Na hapo ndipo aliposikia ndara za Bi Pindo zikiburuta sakafuni.

"Mama, usije!"

Ndara zikasimama. Bi Pindo alikuwa mlangoni, beseni la maji machafu mikononi.

"Una nini?"

"Usipite hapo. Usisimame hapo. Tafadhali, mama, toka mlangoni, pita kule kwa mlango wa mbele."

Bi Pindo alimtazama. Aliyaona mabega yanavyotetemeka, aliiona ile springi ilivyopinda, na ingawa hakujua jina la kitu chochote pale, alikuwa amekaa na mashine maisha yake yote, na alijua chuma kinachotaka kuruka kinavyoonekana. Aliweka beseni chini pole pole, akarudi ndani. Baada ya muda akatokea upande wa ukuta, nyuma ya gari.

"Nimwite mtu?"

"Jirani hayupo, nimemwona akitoka."

Bi Pindo aliita hata hivyo. Aliita kwa sauti ya soko, mara mbili. Kutoka nyumba ya tatu redio ilijibu kwa wimbo, na hakuna mtu aliyekuja.

"Basi," alisema. "Niambie la kufanya."

"Ingia ndani ufunge mlango."

"Na wewe?"

Seremala aliitazama ncha ya springi. Akiachia, springi itafumuka, na uso wake, na kifua chake, vyote vilikuwa pale pale. Akiendelea kushika, misuli itachoka yenyewe, na mwisho utakuwa ule ule.

"Seremala, nimekuuliza, na wewe?"

"Kuna nati," alisema mwisho, kwa sauti kavu. "Imeingia uvunguni mwa gari. Kifuniko kikirudi juu, na nati ikashika kwenye fimbo, hata kibano kikiachia springi haitakwenda mbali. Lakini mikono yangu haitoki hapa."

Simu yake ikaanza kulia juu ya boneti. Ikatetemeka, ikajizungusha, ikanyamaza. Wote wawili walijua ni nani.

Bi Pindo alipiga goti moja, kisha la pili, akiugulia kila moja. Akachungulia uvunguni.

"Naiona."

"Usiingie, mama! Gari limekaa juu ya magogo tu. Tumia ufagio."

Akachukua ufagio wa uani, akaunyosha. Mara ya kwanza aliigusa nati ikabingirika mbali zaidi. Seremala alisikia ikibingirika, akafumba macho. Bi Pindo alitoa neno ambalo mkwe hapaswi kulisikia kutoka kwa mkwe. Akalala ubavu, shavu kwenye vumbi, akaupitisha ufagio nyuma ya nati, akaivuta taratibu kama mtu anayemrai kuku aingie bandani. Ikaja. Ikakwama kwenye ufa wa sakafu. Ikaja tena. Kwiii, kibano kikasema.

"Ipo mkononi," Bi Pindo alisema.

"Ifute mafuta. Sasa njoo kwa nyuma yangu. Si mbele. Uso wako usikae juu ya hii kitu hata kidogo, umenisikia mama?"

"Nimekusikia."

Akaja kwa nyuma, akapiga magoti kando ya kigoda, bega lake likagusa la mkwewe. Katika nyumba ile watu hawa wawili walikuwa hawajawahi hata kupeana mkono zaidi ya siku ya harusi. Aliona jasho linavyomchoma macho, akachukua mkono wa gauni lake akamfuta uso, kwanza jicho moja, kisha la pili, bila haraka.

"Fimbo imezama," Seremala alisema. "Iko katikati ya springi. Ingiza vidole viwili uivute juu. Inapanda kwa urahisi, ila ukiiachia inazama tena. Ivute, uishike, kisha upitishe kifuniko kwa mkono wa pili."

"Vidole vyangu ndani ya springi?"

"Ndiyo, mama."

Redio ile ilikuwa inasoma matangazo.

Bi Pindo akaingiza vidole. Aliingiza bila kutazama, uso ameugeuzia ukutani kama alivyoambiwa, akipapasa. Alishika fimbo, ikateleza, akaishika tena kwa kucha, akaivuta. Kwa mkono mwingine akakiinua kifuniko, kizito kuliko alivyodhani, akakiteremsha mpaka tundu lake likakutana na ncha ya fimbo. Kikakaa upande, kwa sababu springi ilikuwa imepinda, na ncha ya fimbo ikatokeza kidogo tu, kama ulimi wa mtoto mwenye aibu.

"Imetokeza?"

"Kidogo."

"Inatosha. Nati."

Hapa ndipo Bi Pindo alipozungumza kwa sauti ya chini, kama anaongea na nati yenyewe.

"Ni yale maneno yangu ya mezani, sivyo? Ndiyo yaliyokukalisha hapa."

"Mama, si sasa."

"Nauliza tu."

"Mama. Nati."

Aliiweka nati kwenye ncha, akaizungusha. Haikushika. Akaizungusha kinyumenyume mpaka akaihisi ikishuka kwenye meno yake, kitu kidogo sana, mtu mwingine asingekihisi, halafu akaizungusha mbele. Ikashika. Mkono wa Seremala ulianza kuruka ruka wenyewe, kuanzia kiwiko.

"Pole pole, baba," Bi Pindo alimwambia. "Shikilia. Pole pole."

"Imeshika?"

"Imeshika. Nazungusha."

"Zungusha tena. Mpaka ncha ya fimbo itokeze juu ya nati."

"Imetokeza."

"Haya, ondoka. Nenda nyuma ya gari, uiname."

"Wewe unaachiaje?"

"Ondoka, mama."

"Siwezi kukuacha hapa na—"

"Ondoka!"

Hakuwahi kumpandishia mtu yeyote sauti katika nyumba ile. Bi Pindo aliinuka kwa kushika bega lake, akaenda nyuma ya gari, akainama, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Alisema dua. Alisema jina la binti yake. Alisema, bila kujua anasema, kwamba huyu asichukuliwe, na kama kuna deni la maneno basi alipe yeye mwenye mdomo.

Seremala alipumua. Akaachia mikono yote miwili na kujirusha nyuma kwa wakati mmoja.

Mlio ulikuwa kama wa tairi la lori kupasuka. Kibano chenye bolti iliyolika kilifyatuka, kikaubamiza ukuta, plasta ikamwagika. Springi ikakirusha kifuniko juu mpaka kwenye nati, na hapo ikasimama, ikitetemeka nzima, kama mbwa aliyefika mwisho wa mnyororo. Shokapu yote ikaanguka ubavu, ikabingirika, ikanyamaza.

Vumbi la plasta lilitua. Bi Pindo aliondoa mikono masikioni.

"Baba?"

"Nipo."

Alikuwepo, amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kibano cha pili nacho kilikuwa kimechomoka, kikampiga mkono wa kulia kabla hajamaliza kuuvuta. Katikati ya kiwiko na kiganja mkono ulikuwa umekunja kona mahali ambapo mkono hauna kona. Aliutazama kama mali ya mtu mwingine.

"Hauumi," alisema.

"Utauma. Usiusogeze."

Bi Pindo alikwenda kwenye rundo la mbao pembeni mwa ua, akachagua vipande viwili vyembamba, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga ule mkono kama binti yake alivyowahi kumwonyesha. Mvi zake zilikuwa nje, naye hakujali. Alipofika kwenye fundo la mwisho, Seremala alitapika pembeni, kisha akaomba radhi.

"Unaomba radhi ya nini?" alisema Bi Pindo, akamfuta mdomo kwa pindo la gauni lake.

Simu ililia. Aliichukua kwenye boneti.

"Mumeo mzima," alisema kabla hajaulizwa. "Mkono umevunjika. Njoo, lakini usiendeshe kwa kasi."

"Nitaendesha nini, mama?" binti yake alipiga kelele upande wa pili. "Gari si mnalo nyinyi, na mmeling'oa miguu!"

Alikuja na mwenzake, wakampeleka hospitali, mfupa ukanyooshwa, akatiwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Jioni wote watatu walikaa sebuleni.

"Mimi nashinda kwa watu wasioweza kuinuka," muuguzi alisema. "Wengine ni ajali za barabarani, wengine walianguka darini, wengine walisema ni kazi ndogo. Nyinyi mlitaka nirudi nianze kuwahesabu na wangu?"

"Nilimchokoza," Bi Pindo alisema. "Kosa ni la mdomo wangu."

"Mama hakunibanisha springi," alisema Seremala. "Ningeweza kuitazama ile bolti kabla ya kuanza. Sikuitazama kwa sababu nilikuwa na hasira, nikataka nimalize kabla ya chakula, niingie mezani nimenyamaza tu, na gari nalo limenyamaza."

Muuguzi alimtazama mumewe, akamtazama mama yake mwenye vumbi la uvunguni bado shavuni, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akaenda jikoni, wakamwacha alie.

Fundi aliporudi kutoka msibani alikuja na mashine yake ya kubania springi, kubwa, ya kukanyagia chini. Alikiokota kile kibano pale ukutani, akakipima kwa jicho, akakitupa kwenye pipa la takataka bila kuuliza ni cha nani. Akamaliza upande wa kushoto wakati chai inapoa. Muuguzi akarudi barabarani.

Lakini Seremala alikuwa na kitanda cha mteja nusu kimeundwa, harusi ya mteja imekaribia, na mkono wa kazi uko kwenye plasta. Siku ya kwanza alijaribu peke yake kwa mkono wa kushoto. Ubao ulimkimbia kila aliposukuma msumeno. Siku ya pili Bi Pindo aliingia karakana amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mwisho wa meza, akakaa, akaukamata ubao kwa mikono miwili.

"Unapotosha mstari," alimwambia baada ya muda.

"Mama anausukuma ubao."

"Sisukumi, nashika. Macho yangu ni mabovu lakini pindo lililopotoka nalijua hata gizani."

"Hii si nguo."

"Kata, kata. Utaona mwenyewe."

Alikata. Kipande kilipoanguka walikiinua wote wawili kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kimepinda, si sana, kiasi cha unene wa kucha. Seremala alisugua nyusi kwa mkono wake mzima, unga wa mbao ukamwangukia kwenye plasta, akavuta ubao mwingine kutoka kwenye rundo, naye Bi Pindo akasogeza kiti karibu zaidi.